Kucheleweshewa tiba ya neva za mgongo: namna dai la uzembe wa kitabibu linavyopimwa mashariki mwa Uganda

Mtu aliyeingia hospitalini akitembea anapotoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, au anapopoteza uwezo wa kuzuia haja baada ya kusubiri matibabu kwa siku kadhaa, jamaa zake huuliza swali moja: je, hospitali ina makosa? Mbele ya sheria swali hilo hugawanyika. Ni saa ngapi dalili za hatari zilionekana? Nani alipaswa kuchukua hatua saa hiyo, na alifanya nini? Na kama angechukua hatua, mgonjwa angeokoka na nini?

Swali la mwisho ndilo huamua madai mengi ya aina hii. Kuchelewa peke yake, hata kwa siku nyingi, hakutoshi kumpa mgonjwa fidia. Kinacholipwa ni madhara ambayo yangeepukwa kama tiba ingetolewa kwa wakati. Kwa wakazi wa Malukhu na mitaa mingine ya Mbale, au wa Jinja, ambako mtu mzima anayehitaji upasuaji wa neva mara nyingi hupewa rufaa ya kwenda Kampala, ni muhimu kuelewa tofauti hiyo kabla ya kutafuta wakili.

Kinachotokea ndani ya mgongo

Ndani ya mfereji wa pingili za mgongo hupita ugwe mgongo, kamba ya mishipa ya fahamu inayounganisha ubongo na viungo vya mwili. Kwa mtu mzima, kamba hiyo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo huteremka fungu la neva nyembamba, ambalo madaktari wameliita kwa jina la Kilatini lenye maana ya mkia wa farasi, kwa jinsi linavyoonekana. Neva hizo hutawala miguu, kibofu, njia ya haja kubwa na viungo vya uzazi.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu chenye ukingo mgumu na kiini laini kinachopokea mshindo wa uzito. Diski inapopasuka, kiini chake kinaweza kusukumwa ndani ya mfereji na kuzibana neva. Mara nyingi hubanwa neva moja tu, na mgonjwa husikia maumivu yanayoteremka kwenye mguu mmoja. Hali hiyo huumiza sana, lakini kwa kawaida hupungua kwa dawa za maumivu na mazoezi, na si ya dharura.

Hali ya dharura ni pale fungu zima linapobanwa. Dalili zake zinajulikana: maumivu au udhaifu katika miguu yote miwili, ganzi katika sehemu ambayo mtu huikalia anapopanda baiskeli, yaani makalio, msamba na ndani ya mapaja, mkojo kuanza kutoka kwa shida, kutokuhisi kibofu kikijaa, au mkojo kuvuja wenyewe, kushindwa kuzuia haja kubwa, na kupotea kwa hisia za tendo la ndoa. Mgonjwa mwenye dalili hizi anahitaji kupimwa hisia za msamba na nguvu za miguu, na kupimwa mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Mkojo unaozidi mililita 200 huongeza shaka kwamba neva za kibofu zimeguswa. Kipimo kinachothibitisha ni MRI, kwa kuwa eksirei ya kawaida huonyesha mifupa tu, haionyeshi neva wala diski.

Tiba ni upasuaji wa kuondoa kinachobana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la kitabibu la Spine, uliounganisha taarifa za wagonjwa 322, ulionyesha kuwa waliopasuliwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze walipata nafuu zaidi kuliko waliopasuliwa baada ya muda huo. Wataalamu wengine wamehoji mpaka huo wa saa 48, wakisema hakuna saa moja ambayo neva hufa kwa ghafla. Lakini wengi hukubaliana katika jambo moja lenye uzito mahakamani: mgonjwa anayefika kwenye upasuaji akiwa bado anakojoa, hata kwa shida, ana matumaini makubwa zaidi kuliko yule ambaye kibofu chake kimekwisha kufa ganzi.

Si diski peke yake

Katika Afrika Mashariki neva za mgongo hubanwa au kudhurika kwa sababu nyingi, na sababu ikibadilika, maana ya neno kuchelewa nayo hubadilika. Kifua kikuu cha mgongo hula pingili polepole, kwa wiki au miezi, hadi mgongo unapopinda na miguu kulegea. Ajali za bodaboda na kuanguka kutoka juu ya mwembe huvunja pingili kwa dakika moja. Saratani ya tezi dume, ya matiti na nyinginezo husambaa hadi mifupa ya mgongo. Kwa watoto ipo saratani ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, ambaye mwaka 1958 alichapisha maelezo yake kutokana na kazi yake katika hospitali ya Mulago. Nayo inaweza kupoozesha miguu.

Kwa watu wanaoishi kando ya Ziwa Victoria na mto Nile, kama ilivyo kwa Jinja, kichocho nacho hakina budi kufikiriwa. Mayai ya vimelea vyake yanaweza kufika kwenye ugwe mgongo na kuleta uvimbe unaofanana kabisa na mbano wa diski. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji dawa, kwa kawaida prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe.

Kwa hiyo, jambo la kwanza analouliza mtaalamu anayepima dai ni ugonjwa wenyewe ulikuwa upi. Siku tatu za kuchelewa zinaweza kuwa msiba kwa mwenye diski iliyopasuka, na zisibadilishe lolote kwa mgonjwa ambaye ugwe mgongo wake ulikatika siku ya ajali.

Mambo manne ya kuthibitisha

Sheria ya Uganda kuhusu uzembe imejengwa juu ya misingi iliyorithiwa kutoka Uingereza. Mdai anatakiwa kuthibitisha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumwangalia. Kwamba alivunja wajibu huo kwa kufanya chini ya kiwango kinachokubalika. Kwamba uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara. Na kwamba madhara hayo yanaweza kupimwa kwa fidia.

Jambo la kwanza ni jepesi. Mhudumu wa afya anapompokea mgonjwa, wajibu umekwisha kuanza. Mzigo wa kuthibitisha mengine matatu humwangukia anayedai. Katika kesi za madai mizani si ile ya kesi za jinai. Mdai hatakiwi kuondoa kila shaka. Inatosha aonyeshe kwamba anayoyasema yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Kiwango cha daktari wa kawaida

Kiwango kinachotumika kupima kazi ya daktari kinatokana na kesi ya Bolam iliyoamuliwa nchini Uingereza mwaka 1957. Kwa ufupi, daktari hana uzembe ikiwa alifanya kile ambacho kundi la madaktari wenye ujuzi wa fani hiyohiyo wangekiona kuwa sahihi. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, Baraza la Malodi liliongeza sharti: maoni hayo ya wataalamu lazima yawe na mantiki. Madaktari wengi kuwa na mazoea fulani hakuyafanyi mazoea hayo kuwa salama.

Kipimo hicho hufuata nafasi ya mhusika. Afisa tabibu wa kituo cha afya hapimwi kama daktari bingwa wa upasuaji wa neva. Hatarajiwi kusoma picha za MRI wala kufanya upasuaji. Anatarajiwa kuuliza kuhusu mkojo na ganzi, kumpima mgonjwa, kutambua kwamba hali si ya kawaida, na kuandika rufaa bila kukawia. Daktari wa hospitali ya rufaa hupimwa kwa hatua inayofuata: je, aliagiza kipimo, aliwasiliana na bingwa, alimsafirisha mgonjwa?

Mazingira nayo huhesabiwa. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 unataka MRI ifanyike ndani ya saa nne tangu iombwe. Wakili atakayeuchukua mwongozo huo na kuupeleka Mahakama Kuu ya Mbale ulivyo hatafika mbali, kwa kuwa mahakama itauliza kipi kilikuwa kinawezekana pale mgonjwa alipokuwa. Mbale inayo hospitali ya watoto ya CURE, mashuhuri kwa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo wa watoto, lakini kwa mtu mzima safari ya Kampala kupitia Tirinyi, Iganga na Jinja ni zaidi ya kilomita 200. Saa zinazotumika barabarani si uzembe wa mtu. Saa ambazo mgonjwa alilala wodini pasipo mtu kuandika barua ya rufaa zinaweza kuwa uzembe.

Mfano: mpakizi wa magunia wa Malukhu

Ili kuona jinsi kipimo hiki kinavyofanya kazi, ufikiriwe mfano wa kubuni. Mpakizi wa magunia ya kahawa huko Malukhu ananyanyua gunia asubuhi ya Alhamisi na kusikia kitu kikikatika kiunoni. Maumivu yanateremka mguu wa kushoto. Kliniki ya jirani inampa dawa za maumivu na kumwambia apumzike.

Ijumaa saa mbili usiku anafikishwa hospitalini. Sasa miguu yote miwili inauma, anahisi ganzi makalioni, na anasema mkojo unatoka kidogokidogo kwa kujikamua. Daftari lake linaandikwa maneno matatu tu, maumivu ya mgongo, pamoja na jina la sindano aliyochomwa. Anarudishwa nyumbani. Jumapili jioni analetwa tena akiwa hajakojoa tangu asubuhi, wala hahisi haja ya kukojoa. Anawekewa mpira wa mkojo na kulazwa. Barua ya rufaa inaandikwa Jumatatu mchana. Gari la wagonjwa linaondoka Jumanne baada ya mafuta kupatikana. MRI inafanyika Kampala Jumanne usiku na upasuaji Jumatano. Miezi sita baadaye anatembea kwa fimbo, lakini bado anatumia mpira wa mkojo.

Jamaa watasema alicheleweshwa kwa siku sita. Mtaalamu atahesabu kwa namna nyingine. Alhamisi hapakuwa na uzembe, kwa sababu maumivu ya mguu mmoja hayakuwa dharura na kliniki ilitoa tiba ya kawaida. Ijumaa usiku ndipo wajibu wa kuchukua hatua ulipozaliwa, kwani dalili zote za hatari zilikuwapo na mgonjwa alizitaja. Saa kati ya Ijumaa usiku na Jumapili jioni ndizo moyo wa dai, kwa kuwa ndani yake kibofu kilitoka katika kufanya kazi kwa shida na kuingia katika kutofanya kazi kabisa. Kuchelewa kwa Jumatatu na Jumanne kunaweza kulaumiwa pia, lakini wakili wa upande wa pili atasema kwamba madhara ya kibofu yalikuwa yamekwisha kutimia.

Hapo linazuka swali la ushahidi. Ikiwa daftari halisemi neno juu ya mkojo na ganzi, hospitali inaweza kudai kwamba Ijumaa mgonjwa hakuwa na dalili hizo. Mke aliyemsindikiza, jirani aliyempeleka kwa pikipiki, na ujumbe wa simu uliotumwa usiku ule kwa ndugu vinaweza kuziba pengo hilo.

Je, angepona kama angetibiwa mapema?

Madai mengi huanguka kwenye kuunganisha kosa na madhara. Mfano unaotajwa sana katika mafunzo ya sheria ni kesi ya Hotson, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1987. Mvulana wa miaka 13 alianguka na kuumia nyonga, na hospitali ikashindwa kutambua jeraha lake kwa siku tano. Hospitali ilikiri uzembe. Lakini jaji wa kwanza alikuta kwamba hata kama angetibiwa siku ileile, kulikuwa na uwezekano wa asilimia 75 kwamba nyonga ingeharibika tu. Mahakama za chini zilimpa robo ya fidia, kwa sababu ya nafasi ya asilimia 25 aliyoipoteza. Baraza la Malodi likafuta malipo hayo: uwezekano mkubwa zaidi ulikuwa kwamba jeraha la awali ndilo lililomharibu, wala si kuchelewa.

Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama za Uganda, bali mawakili na majaji huyatumia kama mwongozo. Funzo lake kwa mgonjwa wa mgongo ni bayana. Haitoshi bingwa wa neva aseme kwamba upasuaji wa mapema ungempa mgonjwa nafasi. Anatakiwa aweze kusema, kwa sababu za kitabibu, kwamba kuna uwezekano unaozidi nusu kuwa upasuaji wa wakati ungekihifadhi kibofu, au ungeacha udhaifu mdogo zaidi wa miguu. Ndiyo maana hali ya neva saa ile wajibu ulipozaliwa ina thamani kuliko hali yake siku ya upasuaji.

Madhara yanaweza pia kugawanywa. Mpakizi wa mfano wetu angebaki na maumivu ya kiuno na pengine asingenyanyua magunia tena hata kama angepasuliwa mapema. Sehemu hiyo ni ya ugonjwa. Sehemu ya kibofu ndiyo ya kuchelewa. Dai linalotenganisha sehemu hizo mbili huaminika zaidi kuliko linaloitwika hospitali kila kitu.

Nakaseke: mahakama ilipopima saa nane

Kesi ya Uganda iliyo karibu na suala hili haikuhusu mgongo bali uzazi, lakini kiini chake kilikuwa kuchelewa. Mwezi Mei 2011 mama mjamzito alifika katika hospitali ya Nakaseke na kutambuliwa kuwa na uzazi uliokwama, hali iliyohitaji upasuaji. Daktari aliyekuwa na zamu hakuwapo. Mama huyo alisubiri kwa takriban saa nane, na akafariki dunia. Familia yake pamoja na shirika la haki za afya la CEHURD waliishtaki serikali ya wilaya hiyo, na mwaka 2015 Jaji Benjamin Kabiito wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Fidia ilikuwa shilingi milioni 35.

Mambo matatu yalikutana pale, na yoyote anayepima dai la kuchelewa anaweza kujiuliza kama anayo. Ugonjwa ulikuwa umetambuliwa. Tiba yake ilikuwa inajulikana. Na mtu aliyepaswa kuitoa alikuwa kwenye zamu lakini hakuonekana, bila maelezo ya kuridhisha. Uhaba wa jumla wa madaktari nchini haukuwa jibu kwa kukosekana kwa daktari aliyepangwa siku hiyo.

Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ilikwenda mbali zaidi katika shauri lingine la vifo vya wazazi, ikaamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi kulivunja Katiba. Uamuzi huo ulihusu uzazi, na hauwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye upasuaji wa neva. Hata hivyo umeonyesha kuwa hoja ya ukosefu wa vifaa haiifungi mahakama kinywa.

Nani ashtakiwe, na kwa muda gani

Mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi aliyokuwa akiyatenda kazini. Kwa hospitali ya rufaa ya kanda, kama zile za Mbale na Jinja, ambazo ziko chini ya serikali kuu, anayeshtakiwa kwa kawaida ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kituo cha afya kilicho chini ya wilaya au jiji humleta mahakamani serikali ya mtaa husika, kama ilivyokuwa Nakaseke. Hospitali ya binafsi au ya dini hushtakiwa kupitia mmiliki wake aliyesajiliwa.

Tofauti hiyo hubeba tofauti ya muda. Dai la uzembe dhidi ya serikali kuu au serikali ya mtaa linatakiwa lifunguliwe ndani ya miaka 2. Dhidi ya mtu au taasisi binafsi, dai la majeraha ya mwili lina miaka 3. Zipo hali chache ambapo sheria huongeza muda, kama vile mgonjwa akiwa mtoto, lakini si busara kuzitegemea bila ushauri. Njia salama ni kuhesabu tangu siku ya kosa la kwanza, wala si tangu siku ya kutoka hospitalini au siku ambayo matumaini ya kupona yalikwisha. Mgonjwa wa mgongo hutumia mwaka mzima akifanya mazoezi ya viungo na kungoja neva zirudi. Anapokubali kwamba hazitarudi, nusu ya muda wake dhidi ya serikali inaweza kuwa imekwisha.

Karatasi za kutafuta mapema

Nchini Uganda wagonjwa wengi huandikiwa matibabu kwenye daftari la shule wanalolinunua wenyewe. Daftari hilo ni ushahidi, na halipaswi kutupwa wala kuandikwa jambo jingine. Pamoja nalo zitunzwe barua ya rufaa, fomu ya kuruhusiwa, picha za eksirei, CT na MRI zenyewe pamoja na majibu yake, na stakabadhi zote, zikiwamo za malipo kwa simu.

Karatasi zilizobaki hospitalini zina uzito zaidi: maandishi ya wauguzi ya zamu ya usiku, kiasi cha mkojo kilichotoka mpira ulipowekwa, saa ambayo daktari aliitwa na saa aliyofika, na daftari la safari za gari la wagonjwa. Katiba ya Uganda, kifungu cha 41, humpa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 hutoa siku 21 za kujibu ombi la maandishi. Kwa hospitali binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake binafsi. Ombi liandikwe kwa adabu, litaje tarehe za matibabu, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kwa kuwa kumbukumbu hizo huandikwa kwa Kiingereza, mgonjwa anayezungumza Kiswahili amtafute mtu anayeaminika amsomee neno kwa neno. Asikubali kutia saini maelezo asiyoyaelewa, na yeye mwenyewe aandike au arekodi kwa lugha yake mfuatano wa matukio, siku kwa siku na saa kwa saa, wakati kumbukumbu bado ni mbichi.

Malalamiko, usuluhishi na mahakama

Si kila mwenye uchungu anataka fidia. Anayetaka mwenendo wa daktari uchunguzwe anaweza kulalamika kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, na maafisa tabibu na wapiga picha za eksirei wako chini ya baraza la wataalamu wengine wa afya. Mabaraza haya yanaweza kuonya, kusimamisha au kumfuta mtu kwenye orodha ya wenye leseni. Jukumu lao ni nidhamu ya taaluma; anayetaka fidia huenda mahakamani. Kusubiri baraza limalize kazi hakusimamishi muda wa kufungua kesi.

Kwa mahakama, dai lisilozidi shilingi milioni 50 linaweza kupelekwa kwa hakimu mkuu. Zaidi ya hapo huenda Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Mbale na Jinja. Kabla ya kusikilizwa, kesi hupitia usuluhishi kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2013. Hatua hiyo isidharauliwe: hospitali ambayo kumbukumbu zake ni mbaya inaweza kupendelea kumaliza jambo mezani.

Fidia ina sehemu mbili kuu. Gharama zilizokwisha kulipwa, kama vile nauli, vipimo, upasuaji na mipira ya mkojo, lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa. Fidia ya jumla, kwa ajili ya maumivu, kupungukiwa na kazi na hadhi iliyopotea, hukadiriwa na jaji. Mdai akumbuke pia kwamba anayeshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za upande wa pili, na kwamba sheria haimruhusu aliyeshinda kukamata mali ya serikali ili alipwe. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kuuliza msaada katika mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria cha Uganda, au kwa FIDA-Uganda.

Gharama kubwa ya mwanzo huwa ni ripoti za wataalamu. Kwa mgonjwa wa mgongo huhitajika kwa uchache mbili: moja ya daktari wa daraja lilelile la aliyelaumiwa, aeleze kile ambacho mwenzake alipaswa kufanya, na nyingine ya bingwa wa upasuaji wa neva, aeleze kile ambacho kingeokolewa. Ripoti ya kwanza ikiwa imara na ya pili dhaifu, wakili mwaminifu atamshauri mteja wake asiende mahakamani. Ushauri huo ni mgumu kuusikia kwa mtu ambaye hatembei tena, lakini humwepusha na deni la gharama juu ya ulemavu.

Na kwa yule ambaye bado yuko nyumbani, anaugua mgongo, miguu yote miwili inaingia ganzi na mkojo unaanza kukataa, suala la fidia lisubiri. Aende hospitalini usiku huohuo, aitaje dalili ya mkojo na ya ganzi hata kama hakuulizwa, na aombe iandikwe kwenye daftari pamoja na saa. Maneno hayo humsaidia kwanza kama mgonjwa. Tiba ikichelewa, yatamsaidia pia kama mdai.